Mdomo wa Ndege, Bawa la Kipepeo

Anayetafuta ndege katika msitu wa Karura, Nairobi, hudamka. Anayetafuta wadudu hana haraka. Mwanamazingira Wangari Maathai aliutetea msitu huu usigawiwe wajenzi, na leo kila mwenye darubini anaweza kuingia.

Tofauti ya saa inatokana na joto. Ndege hujitengenezea joto mwilini, ndiyo maana alfajiri ya Januari yenye ubaridi hondohondo huwa wameshaanza kelele mitini. Kipepeo na kereng'ende hutegemea jua. Hutandaza mabawa waote kwanza, mpaka misuli ya kurukia ipate moto. Kwenye saa nne hivi ndipo hewa hujaa wadudu.

Hapo keremkerem hupata riziki. Hukaa tawi la wazi, humnasa nyuki angani, kisha hurudi kumpigapiga na kumsugua tawini mpaka sumu ya mwiba imtoke.

Sumu nyingine haisuguliki. Kipepeo wa rangi ya machungwa, Danaus chrysippus, akiwa kiwavi hula mimea yenye utomvu mweupe wenye sumu na kuihifadhi mwilini. Ndege akimmeza hutapika, na rangi ile haisahau. Ndiyo sababu kipepeo huyu huruka polepole, bila kujificha.

Wapo wanaonufaika na sifa hiyo bila kuwa na sumu. Dume wa Papilio dardanus ni wa manjano na weusi, mwenye mikia. Majike wengi hawana mikia, na wana sura kadhaa, nyingi zikiiga vipepeo wachungu wa aina tofauti. Zilidhaniwa kuwa spishi mbalimbali hadi mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alipoonyesha, mwaka 1869, kuwa ni spishi moja. Kuwa na sura nyingi kuna faida: waigaji wa sura moja wakizidi, ndege hukutana na watamu mara nyingi kuliko wachungu, na onyo hupoteza nguvu.

Ushahidi kwamba ndege huwawinda vipepeo huonekana kwa macho. Kipepeo akitua, kagua mabawa yake. Pengo lenye umbo la pembetatu, linalolingana kushoto na kulia, mara nyingi ni alama ya mdomo wa ndege aliyemkamata mabawa yakiwa yamefungwa, akaponyoka. Basi ndege wakinyamaza mchana, usiondoke. Elekeza darubini kwenye maua.