Hesabu meno kabla ya kukaza

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Korogwe, uombe nipeli ya nusu inchi. Utapewa bila swali la pili. Ukipima upana wa meno yake kwa kalipa, utakuta karibu milimita 21, wakati nusu inchi ni milimita 12.7 tu. Hujapunjwa. Jina lilitokana na tundu la mabomba ya chuma ya zamani, na limebaki ingawa mabomba yenyewe yamebadilika. Hata bomba la plastiki linalouzwa kwa kipimo cha milimita 20 huungwa kwenye koki kwa kichwa chenye meno ya nusu inchi.

Kwenye bomba la maji ya kunywa, fundi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kulijali jambo hili. Kwenye boila ya mvuke hawezi, hata kama ni boila ndogo ya mfano inayokaa juu ya meza ya karakana.

Korogwe inaujua mvuke. Reli ya Usambara, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ilifika hapa mwaka 1902. Mashamba ya mwanzo ya mkonge nayo yalitegemea injini za mvuke kuzungusha korona, yaani mashine za kuchambua mkonge. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka reli hiyo. Reli ilikuwa ya upana wa mita moja, lakini kwenye mabomba hata Wajerumani waliukubali mfumo wa inchi wa Kiingereza, uliotokana na meno ya digrii 55 aliyoyapendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841. Ndiyo maana leo, katika nchi inayopima kila kitu kwa mita, bado tunaomba bomba kwa inchi.

Wamarekani walichagua meno ya digrii 60, na hapo ndipo hatari ilipo. Fitingi ya robo inchi ya Kiingereza ina meno 19 katika kila inchi. Ya Kimarekani ina 18. Ukizikutanisha, zitaingia mizunguko michache kisha zitakwama, nawe utajua kuna kasoro. Nusu inchi ndiyo mbaya zaidi: zote mbili zina meno 14. Zitaingia, zitakaza, na mkono utakuambia kazi imekwisha. Kumbe pembe hazilingani, upana umepishana kidogo, na mvuke utaitafuta njia hiyo nyembamba.

Kwa hiyo kuingia si ushahidi wa kulingana. Pima upana kwa kalipa, kisha bandika rula juu ya meno uyahesabu. Kwa fitingi fupi, hesabu katika nusu inchi, uzidishe kwa mbili. Angalia pia kama meno yamenyooka au yamechongoka kuelekea mwisho. Meno yaliyochongoka hujikaza yenyewe kadiri unavyozungusha, nayo yanaweza kupasua kitako chembamba cha boila ndogo. Hapo meno yaliyonyooka na washa ya shaba nyekundu ni salama zaidi.

Katani na rangi, au utepe mweupe, huziba uvujaji mdogo pale meno yanapolingana. Havigeuzi meno yasiyolingana yakalingana. Ninasisitiza hili kwa sababu katani tunayo tele, na fundi aliyebanwa na muda hushawishika kuizungusha mara kumi pale ambapo angetakiwa kurudisha fitingi dukani.

Lita moja ya maji ikichemka hutoa takriban lita 1,600 za mvuke. Kwa sababu hiyo boila mpya ya mfano hujaribiwa kwanza kwa maji baridi, bila hewa ndani, kwa kawaida hadi mara mbili ya presha itakayofanyia kazi. Maji hayatanuki kama mvuke. Kiungo kikishindwa, utaona tone na presha itashuka. Kikishindwa kwa mvuke, kitaruka kama risasi, na watoto huwa wameinamia meza kutazama.

Walimu wa ufundi na wazazi wenye vijana wanaopenda mitambo, naombeni mambo mawili. Kila karakana iwe na kalipa na kipimo cha meno, na pasiwashwe moto chini ya boila yoyote kabla kila fitingi, kuanzia valvu ya usalama, haijapimwa na kuandikwa daftarini.