Kiharusi Kinapozidi

Tuseme baba mmoja wa Lusangi ameamka asubuhi, mdomo umepinda, na mkono wa kuume hauinuki. Saa sita bado anatembea kwa kushikwa. Jioni mguu nao umelegea, na maneno yake hayasikiki tena. Kiharusi chake kinazidi. Jamaa wanataka kumsaidia. Mmoja analeta aspirini, mwingine analeta vidonge vya mama yake vya kushusha presha, ambayo wengi huita tansio. Je, wampe? Hapana. Sikilizeni sababu.

Kiharusi ni cha namna mbili. Katika namna ya kwanza, donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Katika namna ya pili, mshipa umepasuka na damu inamwagika ndani ya kichwa. Kwa macho hatuwezi kuzipambanua. Hata mganga wa hospitali hana hakika mpaka kichwa kimepigwa picha kwa mashine iitwayo skana. Aspirini huzuia donge lisikue. Lakini kama mshipa umepasuka, yaweza kuzidisha kumwagika kwa damu.

Na presha je? Fikirini mfereji uletao maji katika bwawa la samaki. Majani yameuziba. Samaki hawajafa bado, maana maji kidogo yanapenya pembeni. Ukipunguza maji ya kijito, hayo kidogo nayo yatakoma. Lakini maji yakifurika mno, kingo zitabomoka.

Ubongo ni vivyo hivyo. Mshipa ukizibwa, presha hupanda mara nyingi siku za kwanza. Ikishushwa ghafula, sehemu ya ubongo iliyokuwa ingali hai yaweza kufa, na mgonjwa akazidiwa. Kwa hiyo waganga kwa kawaida hawaharakishi kuishusha, isipokuwa imepita 220 kwa hesabu ya juu au 120 kwa hesabu ya chini, au moyo unashindwa. Hata hapo huishusha kidogo kidogo.

Lakini iko dawa ya sindano ya kuyeyusha donge, itolewayo ndani ya saa nne na nusu tangu ugonjwa uanze. Mgonjwa akipewa hiyo, sheria hubadilika. Kwanza presha iwe chini ya 185 kwa 110, na baada ya sindano isipite 180 kwa 105 kwa saa 24. Maana damu isiyoganda, ikisukumwa kwa nguvu nyingi, hupasua kingo upesi. Aspirini nayo hungoja kwa kawaida mpaka saa hizo 24 zimekwisha.

Asiyepewa sindano hiyo, na imejulikana kwamba mshipa wake umezibwa, hupewa aspirini ndani ya siku mbili. Mwaka 1997 majaribio mawili makubwa, kila moja lenye wagonjwa karibu 20,000, yalionyesha kwamba katika wagonjwa 1000 aspirini huwaokoa kama 9 na kifo au kiharusi kingine katika majuma ya kwanza. Jaribio moja lilipima pia heparini: faida yake iliondolewa na kutoka damu. Basi msimsihi mganga aongeze dawa juu ya dawa kwa sababu ugonjwa unazidi. Atatafuta kwanza sababu: homa, sukari, presha iliyoanguka, ubongo kuvimba, au damu kumwagika.

Fanyeni hivi:

1. Kumbukeni saa ugonjwa ulipoanza.
2. Mlazeni kwa ubavu. Msimpe chakula, maji wala dawa mpaka imepimwa kama anaweza kumeza.
3. Mpelekeni hospitali mara moja, kwa pikipiki au kwa kipoyi. Msingoje kesho.
4. Chukueni dawa zote alizokuwa akinywa, mganga azione.

Akirudi nyumbani, kazi haijaisha. Sasa presha ishushwe polepole, ikae chini ya 140 kwa 90, au chini zaidi mganga akisema. Anywaye aspirini kila siku na kuacha presha juu anajiwekea hatari ya mshipa kupasuka. Asiache vidonge kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavinywa.