Joto Handeni, mvuke Korogwe: Kuku hawapoozwi kwa njia moja

KUANZIA Desemba hadi Machi, wafugaji wengi wa kuku katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hupata hasara ya namna moja. Asubuhi kuku ni wazima. Saa 8 mchana wamelala wametanua mbawa na midomo iko wazi, na ifikapo saa 10 baadhi wameshakufa. Wapo wanaokimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki, na wapo wanaouza kundi lote kwa bei ya kutupa wakidhani mdondo umeingia.

Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, mfugaji atazame saa. Vifo vya joto hutokea mchana na hupungua jua linapozama, na wanaotangulia ni kuku wakubwa wenye nyama nyingi. Mdondo hauna saa. Huua usiku na mchana, wakubwa kwa wadogo, na mara nyingi huambatana na kinyesi cha kijani au kuku kupinda shingo. Ukiona dalili hizo mwite ofisa mifugo haraka. Antibayotiki haitibu mdondo, na joto halitibu pia.

Hasara ya joto inauma kwa sababu inakuja mwishoni, gharama zote zikiwa zimeshalipwa. Kuku wa nyama wa wiki tano ameshakula takriban kilo tatu za chakula. Wakifa 20 kwa mchana mmoja, mfugaji amefukia kilo 60, yaani zaidi ya mfuko mzima wa kilo 50, bila kuhesabu bei ya vifaranga.

Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na hewa inapozidi nyuzi 30 hutegemea zaidi kuhema. Maji yanayotoka kwenye koo na mapafu kama mvuke ndiyo yanayobeba joto kwenda nje. Lakini mvuke huo hautoki vizuri kama hewa ya banda imeshajaa unyevu, na hapo ndipo njia ya Handeni inapoachana na ya Korogwe.

Sehemu kubwa ya Handeni hewa huwa kavu Januari na Februari. Huko maji yanasaidia. Tundika magunia yaliyoloweshwa upande unakotoka upepo, nyunyizia paa na uwanja wa nje, na banda litapoa. Korogwe, hasa vijiji vya bonde la Mto Pangani, joto huja pamoja na mvuke, na hali huwa mbaya zaidi mvua za masika zinapoanza huku jua bado likiwaka. Kumwaga maji ndani ya banda wakati huo ni kuwaongezea kuku mzigo. Wanachohitaji ni upepo na nafasi.

Msomaji anaweza kuuliza, mbona kuna wanyama wanaookolewa kwa kunyunyiziwa maji? Wapo. Chura wadogo wa Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa, walikuwa wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000, mabomba ya kunyunyizia yalitandazwa bondeni, na baadhi ya chura walipelekwa Marekani kufugwa kwenye vizimba vyenye unyevu. Baadhi ya vizazi vyao vilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010. Chura hunywa na kuvuta hewa kwa ngozi, kwa hiyo banda kavu humuua. Kuku ni kinyume chake.

Kipimo cha bure kipo. Loweka kitambaa, kikamue, kianike kivulini karibu na banda. Kikikauka upesi, tumia maji. Kikichelewa, acha ndoo, ongeza upepo.

Kuongeza upepo si lazima ununue feni. Bomoa ukuta ubaki futi mbili au tatu, juu weka wavu imara wa kuzuia vicheche na wezi. Anayejenga upya aelekeze urefu wa banda mashariki na magharibi, jua la asubuhi na jioni lisiingie ndani. Bati lifunikwe nyasi au lipakwe chokaa. Kuku wa nyama ambao kawaida hukaa 10 kwa mita moja ya mraba, msimu huu wapunguzwe wawe saba au wanane.

Chakula nacho huleta joto kinaposagwa tumboni. Wape alfajiri, ondoa vyombo saa 3 asubuhi, rudisha saa 10 au 11 jioni, na vyombo viwe vingi wasikanyagane. Maji yasiondolewe hata dakika moja. Tanki jeusi lililokaa juani hutoa maji ya moto ambayo kuku huyakataa, hivyo lijengewe kivuli, au tumia mitungi na ubadilishe maji mchana. Matandazo ya pumba yakaguliwe: kamata konzi, kamua. Yakibaki donge, yana unyevu mwingi, na harufu kali itakayofuata itawaharibu macho na mapafu.

Kuku aliyeanza kulegea asikimbizwe. Mbebe taratibu hadi kivulini penye upepo, mloweshe miguu na upanga, umpe maji ya baridi.

Chanjo ya mdondo itolewe asubuhi na mapema. Ile ya I-2 ya matone ya jicho, inayorudiwa kila miezi mitatu, huvumilia joto kuliko nyingine, lakini nayo huharibika ikiachwa juani.

Kwa wachuuzi wanaokusanya kuku vijijini na kuwapeleka Tanga au Dar es Salaam, hatari kubwa ni pale gari linaposimama. Tenga juu ya basi hupata upepo likitembea. Likisimama Segera saa 7 mchana, kuku wa katikati ndio hufa kwanza. Safiri usiku, wape maji kabla ya kupakia, usiwajaze hadi wakakaliana, na acha nafasi kati ya tenga na tenga. Waliokufa njiani ni vibudu. Wafukiwe, wasichanganywe na wa kuuza.