Je, Wajua? Maajabu ya Pale Sakafu Mbili Zinapokutana

Hebu inama hapo mlangoni, pale vigae vya sebule vinapokutana na mbao za chumbani. Unauona ule ukanda mwembamba wa aluminiamu unaoukanyaga kila siku bila hata salamu? Chini yake kuna mwanya! Fundi ameuacha makusudi, milimita 8 hadi 10, kisha akaufunika.

Mwanya wa nini? Zile mbao za kuchomekana hazijapigiliwa popote, zimelala tu juu ya zege. Unyevu ukipanda zinatanuka, ukishuka zinanywea. Ndiyo maana skrubu za ukanda hupita katikati ya mwanya hadi kwenye zege bila kugusa ubao. Zikaze mbao kwa skrubu, halafu subiri masika: sakafu itabinuka kama nundu ya ng'ombe!

Na hizo "mbao" zenyewe, wajua ni nini? Picha! Ni karatasi iliyochapwa sura ya mti, ikabandikwa juu ya ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ilizibuni mwaka 1977. Mgeni akikusifia mninga wako, wewe itikia tu.

Aluminiamu nayo isikudanganye kwa unyonge wake. Mwaka 1884 Wamarekani walitafuta kitu cha kukingia radi cha kuvisha kilele cha mnara wa Washington, wakachagua kipande cha aluminiamu cha kilo 2.8 hivi. Bei yake siku hizo ilikaribia ya fedha. Leo unaifutia kandambili!

Ile plagi ya nailoni inayotangulia skrubu tunduni? Mjerumani Artur Fischer aliibuni mwaka 1958. Alikufa na hataza zaidi ya 1,100. Elfu moja na mia moja, bwana!

Sasa tazama mguu wako. Ukitembea, ncha yake hupita juu ya sakafu kwa sentimita 1 hadi 2 tu, basi usimcheke anayejikwaa. Kanuni za Marekani za majengo yanayofikiwa na walemavu zinaruhusu ukingo wa wima wa milimita 6, pungufu ya unene wa penseli. Ukizidi hapo, lazima uchongwe mteremko. Ukipita milimita 13, jenga njia ya mteremko kabisa.

Lakini aliyenichekesha zaidi ni Puyi, mfalme wa mwisho wa China. Kijana alitaka kuendesha baiskeli ndani ya kasri la Beijing, vizingiti vikamzuia. Babu zake waliviruka vizazi na vizazi. Yeye akaagiza msumeno!

Leo usiku funga mlango wa chumba, utazame chini ukiwa ndani, kisha ukiwa nje. Ukanda unatakiwa ulale chini ya mlango uliofungwa, kila upande uone sakafu yake tu. Ukiona kipande cha sakafu ya jirani, mwite fundi arudi.