Je, Wajua? Siku Saba za Mwitaliano

Je, wajua kwamba ukitaka kujua leo ni siku gani kwa Kiitaliano unauliza "Che giorno è oggi?" (ke jorno e oji)? Utajibiwa, tuseme, "Oggi è giovedì", leo ni Alhamisi. Lakini ukiuliza "Quanti ne abbiamo oggi?", yaani "Leo tunazo ngapi?", utapewa tarehe.

Je, wajua kwamba siku tano zimetoka angani? Lunedì, Jumatatu, ni siku ya Mwezi. Martedì ni ya Mirihi, mercoledì ya Utaridi, giovedì ya Mshtarii, na venerdì, Ijumaa, ni ya Zuhura. Hiyo "dì" ya mwisho ni "siku", urithi wa Kilatini.

Je, wajua kwamba mbili zilizobaki umezisikia tangu utotoni? Jumamosi ni sabato, neno lenye asili ya Kiebrania, lile lile lililowapa jina Wasabato. Jumapili ni domenica, Siku ya Bwana. Mkatoliki anayesema "Dominika ya Matawi" ameshalitamka, kasoro irabu moja tu. Mimi humwanzishia mwanafunzi hapa, maana anayejua mbili tayari haogopi tano.

Je, wajua kwamba hakuna hata siku moja kati ya saba inayofuata mkazo wetu? Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Wao hukaza ya mwisho: lu-ne-DI, ve-ner-DI. Kwenye SA-ba-to na do-ME-ni-ka hukaza ya tatu kutoka mwisho. Ukisema "lu-NE-di" utaeleweka, ila sikio la mwenyeji litashtuka.

Je, wajua kwamba "lunedì" peke yake ni Jumatatu hii, na "il lunedì" ni kila Jumatatu? Domenica pekee ni ya kike: "la domenica".

Je, wajua kwamba Ijumaa ya mkosi kwao ni tarehe 17, si 13? Na kwamba Roma Alhamisi ni siku ya gnocchi, vidonge laini vya viazi na unga?

Je, wajua kwamba juma lao huanza lunedì? Jumatatu yetu, ya tatu tangu Jumamosi, kwao ni ya kwanza. Usitafsiri kwa kuhesabu vidole.

Waitaliano wengi wamefanya makao Malindi. Ukipita huko, muulize mmoja: "Che giorno è oggi?"