Taa za Dashibodi: Nyekundu Simama, Njano Pima

Taa za dashibodi ni alama ndogo zinazowaka nyuma ya usukani kumwarifu dereva hali ya sehemu za gari asizoweza kuziona akiwa safarini: oili inayozunguka ndani ya injini, maji ya rejeta, chaji ya betri, mafuta ya breki. Nyingi kati ya taa hizi huongozwa na kihisi. Katika magari ya zamani kihisi hicho ni swichi inayowasha balbu moja kwa moja. Katika magari ya leo taarifa hupitia kwanza kwenye kompyuta ya gari, nayo ndiyo huamua taa ipi iwake na lini.

Mjini Lubumbashi ujuzi wa kuzisoma taa hizi una uzito wa pekee. Magari mengi ya huko huletwa yakiwa yameshatumika, na mengi kati yake hutoka Japani, hushushwa katika bandari kama Dar es Salaam, huvuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo maana ni kawaida kuona usukani upande wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Kitabu cha maelekezo, kama kimesalia ndani ya gari, mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Tena safari za kutoka mjini ni ndefu: Likasi iko takriban kilomita 120 na Kolwezi takriban 300, na njiani kuna sehemu ambazo dereva hana fundi wa kumkimbilia.

Lakini picha za taa hazifuati lugha. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, limezipanga katika kiwango chake namba 2575. Picha ya oili katika Toyota iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ileile iliyomo katika lori la Ulaya linalobeba shaba kutoka Kolwezi.

Jaribio la ufunguo

Kabla ya kuwasha injini, ufunguo unapozungushwa hadi hatua ya mwisho kabla ya stata, karibu taa zote za tahadhari huwaka kwa pamoja. Hapo gari linajipima lenyewe na kuonyesha kwamba kila taa ni nzima. Injini ikishanguruma, taa hizo huzimika moja baada ya nyingine ndani ya sekunde chache.

Jaribio hili lina majibu mawili yenye maana. Taa inayobaki inawaka inaeleza hitilafu iliyopo sasa. Taa ambayo haikuwaka kabisa ni jambo zito zaidi, kwa sababu huenda balbu imeungua, au mtu ameiondoa au kuifunika ili kuficha ubovu. Anayenunua gari lililotumika asikubali kulikuta likinguruma tayari. Adai lizimwe, ufunguo uzungushwe mbele yake, na ahakikishe kwamba taa ya oili, ya betri, ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) na ya mifuko ya hewa zote zinawaka kisha zinazimika.

Maana ya rangi

Rangi humwambia dereva ana muda kiasi gani. Nyekundu ina maana kwamba usalama wa watu au uhai wa injini uko hatarini sasa hivi. Gari lisimamishwe mahali salama mapema iwezekanavyo. Njano, au rangi ya machungwa, ina maana kwamba mfumo fulani haufanyi kazi yake ipasavyo. Safari inaweza kuendelea kwa uangalifu, lakini gari lifike kwa fundi siku hiyo au zinazofuata. Kijani na buluu hutaarifu tu kwamba kitu kimewashwa, kama taa kubwa au taa ya kukatia kona.

Buluu moja inahitaji maelezo. Magari madogo mengi ya Toyota, kama Vitz na IST, hayana mshale wa kuonyesha joto la injini. Badala yake yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa bado baridi, na nyekundu inayowaka joto likizidi. Taa ya buluu ikizimika, injini imeshapata joto la kufanyia kazi. Nyekundu ikiwaka, hakuna mshale uliotangulia kuonya. Taa yenyewe ndiyo onyo la kwanza na la mwisho.

Nyekundu zisizongoja

Taa ya oili, yenye picha ya birika linalodondosha tone, ndiyo yenye haraka kuliko zote za injini. Mara nyingi hudhaniwa kwamba inapima wingi wa oili, kumbe inapima shinikizo lake. Swichi yake kwa kawaida huiwasha shinikizo likishuka hadi nusu bar au chini ya hapo, kiwango ambacho vyuma vinavyozunguka kwa kasi vimeshaanza kukosa utando wa oili kati yao. Dakika chache za kuendelea kuendesha zinatosha kuua injini. Dereva asimame, azime injini, angoje dakika kadhaa kisha apime oili kwa kijiti. Ikiwa imepungua, aongeze na kuwasha tena. Ikiwa kiwango ni sawa na taa bado inawaka, injini isiwashwe tena. Gari livutwe hadi garaji. Taa inayopepesa injini ikiwa ya moto na gari limesimama, kisha ikazimika dereva akikanyaga mafuta, huonyesha oili iliyochoka au beringi zilizolika.

Taa ya joto ina picha ya kipimajoto kilichozama kwenye mawimbi. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, unaoyaweka maji chini ya shinikizo ili yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea, au maji matupu ya bomba mahali pa kulanti, hupunguza kinga hiyo. Hitilafu hujitokeza zaidi mwezi Oktoba, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, na hasa gari linaposimama muda mrefu kwenye foleni huku feni ikiwa mbovu.

Taa hiyo ikiwaka, dereva azime kiyoyozi na kuwasha hita kwa nguvu zote, kwa kuwa hita huchukua sehemu ya joto la injini. Joto lisiposhuka mara moja, asimame na kuzima. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa angalau nusu saa, maana maji yaliyobanwa huruka na kuunguza uso na mikono. Maji baridi yasimiminwe kwenye injini ya moto, kwa sababu chuma kinachopoa ghafla hupinda au kupasuka. Tahadhari nyingine haijulikani sana: maji yakimwagika yote, kihisi hubaki hewani na mshale unaweza kushuka kana kwamba injini imepoa. Mshale ulioporomoka ghafla baada ya kupanda si nafuu. Ni dalili kwamba maji yamekwisha.

Taa ya betri haisemi kwamba betri imekufa. Inasema kwamba alteneta haichaji. Injini ikiwa inanguruma, betri nzima hupokea umeme wa kati ya volti 13.5 na 14.7; injini ikizimwa, betri iliyojaa hupumzika kwenye volti 12.6 hivi. Jambo la kwanza ni kufungua boneti na kutazama mkanda. Katika magari mengi mkanda unaozungusha alteneta ndio pia unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika, injini itachemka baada ya muda mfupi na safari haina budi kukoma hapo. Mkanda ukiwapo, gari linaweza kwenda kwa umeme uliobaki kwenye betri, redio na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, lakini usiku taa kubwa huumaliza upesi. Mazoea ya kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma, ili kuona kama alteneta inafanya kazi, yaachwe kabisa. Umeme huruka ghafla na unaweza kuunguza kompyuta ya gari, iliyo ghali kuliko alteneta yenyewe.

Taa ya breki ni duara lenye alama ya mshangao. Kwanza dereva ahakikishe kwamba breki ya mkono imeshushwa. Ikiwa imeshuka na taa bado inawaka, mafuta ya breki yamepungua, ama kwa sababu pedi zimelika, ama kwa sababu yanavuja. Pedali ikiwa laini au ikizama hadi chini, gari lisisogee. Kopo la breki liongezwe mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, DOT 3 au DOT 4, si oili ya injini, ambayo huvimbisha mipira ya breki na kuharibu mfumo mzima. Taa hii ikiwaka pamoja na ile ya njano ya ABS, gari limepoteza mgawanyo wa nguvu za breki, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga dereva akikanyaga kwa nguvu.

Malori yenye breki za hewa yana taa na kengele ya shinikizo la hewa. Kengele ikilia, dereva atafute mahali pa kusimama mara moja, kwa kuwa hewa ikiendelea kushuka, springi hufunga breki zenyewe na lori linaweza kukwama katikati ya barabara.

Njano zinazovumilia kidogo

Taa ya injini ndiyo inayosumbua watu wengi, kwa sababu sababu zake ni nyingi: mfuniko wa tangi uliolegea, plagi zilizochoka, koili, kihisi cha hewa, petroli chafu. Ikiwaka bila kupepesa, kuna muda wa kufika kwa fundi. Ikipepesa, petroli isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi na kuungulia ndani ya katalisti, chombo ghali cha kusafisha moshi. Dereva apunguze mwendo papo hapo na kuelekea garaji iliyo karibu.

Marekani ilizilazimisha kampuni zote kutumia mfumo mmoja wa kupimia hitilafu, OBD-II, kuanzia magari ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Fundi huchomeka kifaa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi na kusoma namba, kama P0300, inayoeleza kwamba injini inakosa kuwaka katika silinda mbalimbali. Namba huonyesha mahali pa kuchunguza; haitaji kipuri cha kununua. Fundi anayefuta namba bila kutafuta chanzo, au anayeondoa waya wa betri ili taa izimike, hajatengeneza kitu. Taa itarudi baada ya safari chache.

Taa ya upepo wa tairi huwaka zaidi asubuhi za Juni na Julai, majira ya baridi ya Lubumbashi. Shinikizo hupungua kwa takriban psi moja kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5 au 6, kwa hiyo tairi iliyojazwa mchana inaweza kuonekana pungufu alfajiri. Ipimwe ikiwa baridi kabla ya kudhani kwamba ina tundu.

Magari ya dizeli yana taa zake. Springi ya njano huwaka plagi za joto zinapopasha injini, na stata ingoje izimike. Picha ya chujio lenye matone inasema kuna maji kwenye dizeli, jambo linaloweza kutokea mafuta yakinunuliwa kwenye mitungi ya kando ya barabara, kwa wauzaji ambao Wakongo huwaita Kadhafi. Maji hayo yafunguliwe kutoka kwenye chujio upesi, kabla hayajaharibu pampu. Taa ya T-BELT, inayokumbusha kubadilisha mkanda wa taimingi, katika Toyota nyingi za dizeli huwaka kila kilomita 100,000, na katika baadhi ya injini mpya zaidi kila 150,000. Taa hiyo huhesabu kilomita tu. Haiuoni mkanda wenyewe. Mtu aliyeirudisha sifuri bila kubadilisha mkanda amemwachia mnunuzi injini inayoweza kuvunjika siku yoyote.

Mambo ambayo taa hazioni

Taa ya mifuko ya hewa, yenye picha ya mtu na puto mbele yake, ikibaki inawaka, mifuko hiyo huenda isifunguke katika ajali. Lakini ikizimika vizuri haithibitishi kila kitu. Kampuni ya Japani ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza mifuko ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hadi chombo chake kikapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda na kampuni nyingine yaliitwa kurudi viwandani. Hakuna taa inayoonyesha hitilafu hiyo. Mwenye gari la Kijapani lililotumika atumie namba ya chasisi kuuliza kwa mtengenezaji kama gari lake limo katika orodha.

Vivyo hivyo, hakuna taa inayoonyesha tairi lililolika upara, usukani uliolegea au chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la kiangazi. Hayo hubaki kazi ya macho ya dereva na ya fundi.

Kwa hiyo kila anayeshika usukani ajiwekee utaratibu: kutazama taa zote kabla ya kuwasha, kusimama kwa nyekundu bila kujadiliana nayo, kuweka pembetatu ya tahadhari mbali nyuma ya gari akikwama kwenye barabara ya malori, na kumpelekea fundi kila njano kabla ya safari ndefu. Anayelipia matengenezo naye asiridhike kwa kuona taa imezimika. Aulize ilizimwa kwa kutengeneza nini.