Michezo ya video: Ni kamera inayoamua "mbele" ni wapi

Mchezaji anasukuma kijiti cha manete kwenda mbele. Mhusika anakimbia juu ya daraja jembamba. Ghafla kamera inageuka, daraja linaonekana kwa ubavu, na kidole ambacho hakikusogea hata kidogo kinamtupa mhusika shimoni. Walioketi karibu wanacheka na kusema kwamba hajui kucheza. Lakini mara nyingi kosa si la kidole, ni la kamera.

Katika michezo ambamo mchezaji anamuona mhusika wake kwa nje, kuna mambo mawili yanayotembea kwa wakati mmoja: mwili wa mhusika na jicho linalomtazama. Watengenezaji wanapaswa kujibu swali moja kabla ya mengine yote: mchezaji akisukuma mbele, ni mbele ya nani? Ya mhusika ao ya kamera?

Mwaka mmoja, majibu mawili

Mwaka wa 1996 ulileta majibu yote mawili. Mwezi wa tatu, kampuni ya Kijapani Capcom ilitoa Resident Evil kwenye PlayStation. Vyumba vya nyumba ile ya kutisha vilikuwa picha zilizotengenezwa mbele ya wakati, kwa hiyo kamera ilisimama imara pembeni, na mhusika akivuka mlango ao kona, inaruka mahali pengine. Capcom ilichagua mbele ya mhusika: kibonyezo cha juu kinampeleka kule uso wake unakoelekea, cha kushoto na cha kulia vinamgeuza tu. Wachezaji walifananisha mwendo huo na wa kifaru cha vita. Ulikuwa mzito, lakini ulikuwa na faida moja: hata kamera iruke mara ngapi, anayekimbia mbele anaendelea mbele.

Mwezi wa sita mwaka huohuo, Nintendo ilitoa Super Mario 64 nchini Japani na kuchagua njia nyingine. Kijiti kikisukumwa kidogo, Mario anatembea. Kikisukumwa sana, anakimbia. Kikienda kushoto, Mario anaenda kushoto kwa skrini, hata kama alikuwa ametazama upande gani. Mtoto anaelewa mara moja. Lakini njia hiyo ina bei yake: kamera imekuwa sehemu ya usukani. Ikisogea, kidole kilekile kinapeleka mwili mahali pengine.

Nintendo ilijua hilo ni jambo jipya kwa wachezaji, na kwa hiyo ilimpa kamera mwenyewe. Mwanzoni mwa mchezo anatokea Lakitu, kiumbe anayepanda wingu, akiwa ameshika kamera. Vibonyezo vya C vinamzungusha. Ndani ya jumba kuna chumba chenye kioo, na humo mchezaji anamuona Lakitu akielea nyuma ya Mario. Ujumbe ulikuwa wazi: kuna mtu anayekufuata, na kazi yake nawe pia unaiongoza.

Kufuata bila kusumbua

Kumfuata mhusika kunaonekana rahisi, lakini sivyo. Kamera ikifungwa moja kwa moja mgongoni mwake, kila anapogeuka dunia nzima inazunguka, na watu wengine wanapata kizunguzungu. Ndiyo maana kamera nyingi huchelewa kidogo, kisha zinageuka polepole. Hapo tatizo lingine linazaliwa. Mchezaji akishikilia kushoto na kamera ikizidi kugeuka ili imtazame mhusika, ile kushoto nayo inageuka. Mhusika anachora duara wakati mchezaji alitaka mstari ulionyooka.

Kuta nazo zina shida yao. Katika michezo mingi, kompyuta inatupa mstari usioonekana kutoka kwa mhusika hadi kwa kamera. Mstari ukigonga ukuta, kamera inavutwa karibu. Ndiyo sababu katika kona nyembamba mgongo wa mhusika hujaza skrini, na adui haonekani tena.

Vita viliongeza ugumu: mtu atamzungukaje adui bila kumpoteza machoni? Mwaka wa 1998, The Legend of Zelda: Ocarina of Time ilijibu kwa kibonyezo kimoja, Z. Kikishikwa, kamera inamshika adui, na mwendo wote unapimwa kutoka kwake: kumkaribia, kumkimbia, kumzunguka. Baadaye Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi, waliofanya kazi kwenye mchezo huo, walieleza kwamba wazo lilisaidiwa na onyesho la mapigano ya ninja walilotazama kwenye hifadhi ya sinema mjini Kyoto.

Mwaka wa 2005, Resident Evil 4 iliileta kamera nyuma ya bega la mhusika. Leon aliwekwa upande wa kushoto wa skrini, ili mahali anapolenga pabaki wazi. Sasa jicho na mwili vinatazama upande mmoja, na yale majibu mawili ya 1996 yanakaribia kuwa moja. Michezo mingi ya bunduki ilifuata njia hiyo.

Kazi kwa anayetengeneza

Leo kijana mwenye kompyuta anaweza kujaribu haya mwenyewe. Godot, programu ya bure ya kutengeneza michezo, na Unreal Engine zina mkono wa kamera uliokwisha kutengenezwa, unaojivuta wenyewe ukigonga ukuta. Lakini hakuna programu inayomchagulia "mbele" ni ya nani.

Kwa kamera zinazoruka, kuna dawa inayojulikana, iliyotumika katika Devil May Cry ya mwaka wa 2001: kamera ikibadilika, mwelekeo wa zamani unabaki hadi mchezaji aachilie kijiti. Kidole kinaheshimiwa hadi chenyewe kibadili nia.

Kipimo ni rahisi pia. Mpe manete mtu asiyewahi kucheza, nyamaza, umtazame. Akianguka mara tatu kwenye daraja lilelile, usimfundishe bado. Angalia kwanza kamera ilikuwa inafanya nini.